Base ya Kamina: Gurudumu jepesi la kinga linaanza kwa fundi, halafu dukani

Maoni

Mnamo Septemba 2025 mashindano ya dunia ya kinga za barabara yalifanyika Kigali, na ilikuwa mara ya kwanza bara la Afrika kuyapokea. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kuchukua jezi ya kijani. Kwa kijana wa Congo anayependa kinga, habari hizo zina maana moja: mlango uko wazi. Swali linalobaki ni la kawaida kabisa, lakini ni gumu: ataingia akiwa juu ya kinga gani?

Katika Base ya Kamina, jimboni Haut-Lomami, swali hilo lina uzito wake. Base ilijengwa na Wabelgiji baada ya Vita vya Pili vya Dunia kama kituo kikubwa cha kijeshi chenye uwanja wa ndege, zaidi ya kilomita 20 kutoka mji wa Kamina. Kwa familia za hapo na kwa wakaaji wa vijiji vya kandokando, kinga ndiyo gari. Inabeba mahindi, makala, mihogo, mgonjwa na mtoto wa shule. Kijana wa hapo akianza kuota mashindano, ushauri wa kwanza anaopewa ni uleule kila mahali: tafuta magurudumu mepesi. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini umekatwa katikati, na nusu iliyokatwa ndiyo inayoweza kumla kijana akiba yake yote.

Ukweli kamili ni huu. Wepesi wa gurudumu una mpangilio wake. Kuna sehemu ambazo gramu zinapunguzwa bila hatari, na kuna sehemu ambazo gramu chache zinanunuliwa kwa bei ya kurudi nyumbani kwa miguu. Mtu anayejua kutofautisha sehemu hizo ni fundi anayesuka gurudumu kwa mikono yake, na ndiye anayestahili kulipwa kwanza.

Hesabu kabla ya pesa

Wapenzi wa mbio wana sababu ya kuangalia magurudumu kwanza. Gramu iliyo ukingoni mwa gurudumu inasonga mbele na kuzunguka kwa wakati mmoja, kwa hiyo wakati wa kuongeza mwendo inahesabiwa karibu mara mbili. Gramu hiyohiyo ikiwa katikati ya gurudumu, au kwenye kiti, inahesabiwa mara moja. Hapo ndipo ulipotoka usemi kwamba uzito wa kwanza kuondolewa ni ule unaozunguka.

Lakini tufanye hesabu mpaka mwisho. Magurudumu mawili ya aluminiamu yaliyosukwa vizuri, yenye njiti 32 kila moja, yana uzito wa karibu kilo 1.8 bila tairi. Magurudumu mazuri ya kaboni, yale yanayoonekana kwenye televisheni, yana kilo 1.3 au 1.4. Tofauti haizidi nusu kilo. Kijana wa kilo 60 juu ya kinga ya kilo 10 ana uzito wa kilo 70 kwa jumla, kwa hiyo nusu kilo hiyo haifiki hata asilimia 1. Ni uzito wa chupa ya maji ya nusu lita, ambayo kila mkimbiaji anaibeba bila kulalamika.

Sheria zenyewe za mashindano zinaweka mpaka. Shirikisho la kimataifa la kinga, UCI, tangu mwaka 2000 halikubali kinga ya mashindano ya barabara iliyo chini ya kilo 6.8. Timu za matajiri zinafika kwenye mpaka huo kwa urahisi, na zikifika pale haziruhusiwi kwenda chini zaidi. Mtu wa Kamina yuko mbali sana na mpaka huo. Hana haja ya kuanza na kile ambacho wale wanamalizia nacho.

Hatua kubwa ya kwanza ni nyingine. Kinga nyingi za kubeba mizigo zina janti ya chuma, na janti hiyo peke yake inakaribia kilo 1. Janti ya aluminiamu ya kinga ya barabara ina gramu 400 hadi 500. Anayetoka kwenye chuma na kuingia kwenye aluminiamu anaokoa karibu nusu kilo kwa kila gurudumu, ukingoni kabisa, mahali panapolipa zaidi. Pia anapata breki bora, kwa sababu janti ya chuma ikilowa, mpira wa breki unateleza. Kutoka aluminiamu kwenda kaboni kunampa faida ndogo zaidi kwa pesa nyingi zaidi. Asiyejua hesabu hii anaruka hatua ya kwanza na kukopa pesa kwa ajili ya hatua ya mwisho.

Janti: mchanga hauna huruma

Barabara za upande wa Kamina ni vumbi na mchanga wakati wa kiangazi, matope wakati wa mvua. Kwenye kinga inayobana breki zake pembeni mwa janti, mchanga unaingia kati ya mpira na janti na kuisaga kidogo kidogo kila siku. Janti ya aluminiamu kwa hiyo ni kitu kinacholika, kama tairi, ila kwa polepole zaidi. Janti nyingi zina alama ya tundu dogo au mfereji mwembamba pembeni. Alama hiyo ikifutika, janti imekwisha, hata kama bado inang'aa. Anayenunua kinga ya mbio iliyokwisha tumika Ulaya aangalie hapo kabla ya kuangalia rangi.

Kwa sababu hiyo, janti inayofaa ni ile inayoweza kupatikana tena mwakani. Janti ya kaboni yenye matundu 20, iliyotengenezwa kwa ajili ya kitovu cha aina moja tu, ikipasuka inageuza gurudumu zima kuwa pambo la ukutani. Janti ya aluminiamu yenye matundu 32 ikipinda, fundi anaweka nyingine na vitu vingine vyote vinabaki. Kuna jambo la joto pia. Wakazi wa Bukavu na Goma wenye miteremko mirefu wanapaswa kulisikia hili kuliko watu wa Kamina: kubana breki kwa muda mrefu kunachemsha janti, na kaboni ya bei nafuu haipendi moto huo.

Njiti: nyembamba katikati, imara zaidi

Kosa linalorudiwa sana ni kudhani kwamba njiti nene ndiyo njiti imara. Mtu akivunja njiti mbili kwa mwezi, jirani anamwambia atafute nene zaidi. Mara nyingi dawa iko upande wa pili.

Njiti ya gurudumu haivunjiki kwa sababu mzigo umeizidi mara moja. Gurudumu linapozunguka, kila njiti inalegea kidogo inapofika chini na kukazika tena inapopanda. Kwa kilomita moja tu jambo hilo linatokea mara mia nne na zaidi. Chuma kinachoka, na njiti inakatika, mara nyingi kwenye shingo yake pale inapojikunja kuingia kwenye kitovu. Njiti iliyolegea tangu mwanzo ndiyo inayochoka upesi.

Hapo ndipo njiti zilizopunguzwa unene katikati zinapoonyesha thamani yake. Zina milimita 2.0 kwenye ncha na 1.8 katikati. Sehemu ile nyembamba inavutika kidogo kama mpira, inapokea mshtuko wa shimo, na shingo inapumzika. Njiti 32 za unene mmoja wa milimita 2.0 zina uzito wa gramu 220 hivi. Zile zilizopunguzwa katikati zina gramu 190. Gramu 30 kwa gurudumu ni kidogo, lakini ni gramu za kipekee: unazipunguza na gurudumu linadumu zaidi. Hakuna sehemu nyingine ya gurudumu inayotoa zawadi mbili kwa bei moja. Zile nyembamba zaidi, za milimita 1.5 katikati, zinafaa mtu mwepesi mwenye fundi hodari, kwa sababu zinajipinda wakati wa kukazwa na zinamdanganya fundi asiyezizoea.

Idadi nayo ina sheria yake. UCI inataka gurudumu la mashindano liwe na njiti zisizopungua 12, na magurudumu mengi ya mbio yana 20 au 24. Katika timu kubwa, njiti ikivunjika gari la timu liko nyuma na gurudumu jingine tayari. Kati ya Base na mji hakuna gari la timu. Gurudumu la njiti 32 likipoteza moja, linayumba kidogo na mtu anafika. Gurudumu la njiti 20 likipoteza moja, linapinda mpaka linagusa breki au fremu, na safari inaishia hapo.

Anayetaka kupunguza njiti aanze na gurudumu la mbele. Halivuti mnyororo, linabeba uzito mdogo zaidi, na njiti zake zinakazwa sawa pande zote mbili. La nyuma lina meno upande wa kulia, kwa hiyo njiti za kulia zinakazwa sana na za kushoto zinabaki na karibu nusu ya nguvu hiyo. Watengenezaji wa zile kinga nyeusi za zamani za Kiingereza walijua hilo. Waliweka njiti 32 mbele na 40 nyuma, na wenye viwanda wa India na China walifuata desturi hiyo kwenye kinga ambazo mpaka leo zinabeba mifuko ya makala Afrika nzima. Kwa kinga ya mbio ya Kamina, 28 mbele na 32 nyuma ni mahali pazuri pa kuanzia.

Nati, kitovu na tairi

Nati ndogo zinazokaza njiti kwenye janti ni mtego wa bei rahisi. Za shaba nyeupe zina gramu 1 hivi kila moja, za aluminiamu zina theluthi ya hapo. Kwa gurudumu la njiti 32 mtu anaokoa gramu 20, yaani maji ya funda moja. Lakini nati ya aluminiamu inashikana na njiti ya chuma kwa kutu baada ya misimu michache ya mvua, na siku fundi anapotaka kunyoosha gurudumu, nati inazunguka na njiti yake au inapasuka. Hapa jibu ni moja: shaba.

Kitovu kiko katikati ya gurudumu, mahali ambapo uzito hausumbui sana. Kulipia kitovu chepesi ni kulipia sifa. Kinachotafutwa ni kitovu kinachofunguka kwa funguo mbili za kawaida, kikasafishwa na kupakwa grisi, chenye gololi zinazopatikana sokoni. Kama ni cha beringi zilizofungwa, nambari ya beringi isomeke na iwe ya aina ya kawaida. Kitovu kizuri kinaweza kuvaa janti tatu au nne katika maisha yake.

Tairi na mpira wa ndani vinasahauliwa, ingawa viko ukingoni kuliko janti yenyewe. Wakimbiaji wa dunia wameacha tairi za milimita 23 na wanapanda za 28, kwa sababu tairi pana kidogo yenye upepo mdogo zaidi inapita juu ya mashimo bila kurukaruka, na kurukaruka ni mwendo unaopotea. Kama fremu inaruhusu 32, kwa barabara za Haut-Lomami ni afadhali 32. Kuhusu mpira wa ndani, ule mweusi wa kawaida una karibu gramu 100, na kuna mipya ya plastiki laini yenye gramu 40 au chini. Mkimbiaji anaweza kuvaa ule mwepesi siku ya mashindano. Siku za mazoezi avae ule ambao kila fundi wa kando ya njia anaweza kuuziba.

Kazi ya mikono ndiyo inayoamua

Mtu anaweza kununua vitu vyote hivi kwa usahihi na bado akapata gurudumu bovu. Vitu ni nusu ya gurudumu. Nusu ya pili ni kipimo na mkazo.

Kipimo kinakuja kabla ya kununua njiti. Fundi anapima upana wa janti kutoka pale nati zinapokaa upande mmoja hadi upande wa pili, anapima duara la matundu ya kitovu na umbali wake kutoka katikati, ndipo anajua urefu wa njiti za kushoto na za kulia, ambazo hazilingani kwenye gurudumu la nyuma. Kosa la milimita 3 linatosha kuharibu kazi. Kwa mtu anayeagiza vitu kutoka Lubumbashi, mamia ya kilomita kwa treni au kwa lori, njiti zisizo za kipimo chake ni wiki kadhaa zilizopotea.

Mkazo unakuja baadaye. Njiti za kulia za gurudumu la nyuma zinahitaji kuvutwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 100 hadi 120, bila kuvuka kile janti inachoruhusu. Kuna kifaa cha kupima nguvu hiyo. Asiye nacho anatumia sikio: njiti za upande mmoja zikiguswa kwa kidole zinapaswa kutoa mlio unaofanana. Halafu fundi anazibana kwa mikono mbili mbili, kwa nguvu, ili zikae mahali pake, na ananyoosha tena. Fundi anayeruka hatua hiyo anamkabidhi mteja gurudumu lililonyooka asubuhi na kupinda jioni.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya yanawahukumu vijana wa Congo kubaki na vitu vya hali ya chini wakati wenzao wanapanda kaboni. Hoja hiyo inastahili jibu. Hakuna anayesema kijana wa Base ya Kamina asifike kwenye kaboni. Akifika kwenye timu, timu itampa. Kinachobishaniwa ni gurudumu lake la kwanza, lile linalopaswa kumpa kilomita elfu nyingi za mazoezi ili siku moja atazamwe. Mkimbiaji anatengenezwa na kilomita. Gurudumu la kilo 1.8 linalozunguka kila siku kwa mwaka mzima linamfikisha mbali kuliko lile la kilo 1.3 lililotundikwa likingoja njiti moja.

Na hapo viongozi wana sehemu yao. Wakuu wa jimbo na wafadhili wanapotaka kusaidia mchezo, desturi ni kutoa kinga nzima mbele ya kamera. Kinga hiyo inadumu mpaka gurudumu la nyuma lipinde. Kwa thamani ya kinga moja ya namna hiyo, karakana moja inaweza kupata kibao cha kunyooshea magurudumu, funguo za njiti, kifaa cha kupima mkazo na boksi la njiti za urefu unaotumika zaidi. INPP na shule za ufundi zinafundisha uunganishaji wa vyuma na utengenezaji wa injini. Somo la kusuka gurudumu linaweza kuingia humo bila gharama kubwa, kwa sababu vifaa vyake vinabebeka katika mfuko mmoja.

Faida yake haitaishia kwa wakimbiaji. Fundi aliyejifunza kukaza njiti 32 za kinga ya mbio ndiye atakayekaza njiti 40 za mama anayeleta mahindi sokoni. Njiti zinazovunjika kwenye kinga za mizigo zinavunjika kwa sababu ileile, yaani ulegevu, na dawa yake ni ileile. Kila gurudumu lisilokwama njiani ni mfuko uliofika kabla ya soko kufungwa.

Kijana mwenye akiba ndogo basi aigawe hivi: janti ya aluminiamu ya matundu 32 kwanza, njiti nzuri zilizopunguzwa katikati, nati za shaba, kitovu kinachofunguka, tairi pana kidogo, na pesa ya fundi imetengwa kabla ya kuingia dukani. Kikibaki kitu mfukoni, anunue ufunguo wa njiti na akae karibu na fundi huyo akiangalia mikono yake.